Shingo ya Mwalimu

Kila asubuhi, kabla hajagusa maziwa na mkate wake, Tabitha alilowesha vitambaa vilivyofunika sanamu ya udongo katika karakana ya mama yake, mjini Florensi. Udongo ukikauka hupasuka.

Mama yake, Cordelia Whitcomb, alikuwa mchongaji kutoka Marekani. Kwao hakuna fundi aliyekubali kumfundisha mwanamke, basi akamchukua binti yake wakahamia Italia. Kwa miaka mingi alichonga vichwa vya watalii matajiri. Sasa mji wao wa nyumbani ulikuwa umemwagiza sanamu nzima ya mwalimu wao wa kwanza.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilipofika, ngoma zikarindima mtaani. Tabitha akatoka mbio, ndoo ya maji hakuigusa. Jioni mama yake alipofunua sanamu, shingo ya mwalimu ilikuwa na ufa.

"Tabitha, vitambaa ulivilowesha?"

"Ndiyo, Mama. Labda... Mzee Oreste ameigonga kwa ngazi."

Mzee Oreste, fundi wa marumaru aliyemsaidia Mama karakanani, aliduwaa. "Mimi? Haya, bibie." Akavua aproni yake, akaikunja polepole, akaelekea mlangoni.

"Kama imegongwa tu, nitaziba kwa juu," Mama alisema, akichota udongo mbichi.

Tabitha aliutazama ule mgongo wa Mzee Oreste.

"Mama, usizibe! Sikulowesha. Nilikwenda kucheza. Mzee Oreste hajagusa kitu!"

Mama alibonyeza shingo kwa kidole. Ilikuwa kavu hadi ndani. "Oreste, rudi! Lete gogo, tukiegemeze kichwa kisije kikaanguka!"

"Nisamehe, Mzee," Tabitha alisema huku machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe, mtundu wewe. Lakini maji utachota mpaka mikono iote magamba kama samaki!"

Tabitha akacheka na kulia kwa pamoja. Walichimbua udongo mkavu, wakalowesha, wakajaza upya. Shingo mpya iligeuka kidogo pembeni, kana kwamba mwalimu ameitwa na mwanafunzi. Mama akaipenda kuliko ya kwanza.

"Kusahau ni kosa, mwanangu, na tumelirekebisha," alisema akimfuta matope shavuni. "Lakini ningeuamini uongo wako, ningeziba juu tu, kichwa kingeanguka, na mtu mwema angekwenda zake na aibu isiyo yake. Ukikosea, niambie mapema, tena niambie kweli. Hapo tutajua pa kuanzia."