Kucha za Mfungaji

Kila siku baada ya masomo, Twiga alipitia saluni ya mama yake mdogo kabla ya kwenda nyumbani. Alifagia nywele zilizoanguka sakafuni, akakunja taulo, kisha akapanga chupa za rangi ya kucha rafuni. Jina la Twiga alipewa na wanadarasa wenzake kwa sababu ya urefu wake, naye hakulichukia, maana urefu huo ndio uliomfanya awe mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Alichokichukia ni vidole vyake. Vilikuwa vifupi na vinene, na kucha zake zilikuwa pana. Siku alipogawiwa urefu, alizoea kusema, ulikwisha kabla haujafika vidoleni.

Wiki hiyo vidole vilimkosesha raha zaidi ya kawaida. Jumapili kaka yake angefunga ndoa, na Twiga ndiye aliyechaguliwa kushika sahani ya pete. Kila mpiga picha angeilenga mikono yake! Ndiyo maana alikuwa amefuga kucha kimyakimya.

"Mama mdogo, nichongee za ncha, kama za yule," aliomba, akionyesha picha ya mrembo iliyobandikwa ukutani.

Mama mdogo alimshika mkono, akaugeuza huku na huku. "Mikono hii inafanya kazi gani kutwa?"

"Kazi gani tena? Inaandika, inafagia, inacheza netiboli."

"Basi ncha haikufai, mwanangu. Kucha yako ni pana. Nikiichonga ncha nitakuwa nimekula mbavu zake, itabaki dhaifu, na itamchana kila anayekukaribia. Ya mraba nayo itazidi kukipanua kidole. Subiri Ijumaa nikutengenezee fupi ya umbo la yai. Utaipenda mwenyewe."

Twiga aliitikia vizuri tu, lakini masikioni alikuwa ametia pamba. Mama mdogo alipotoka kwenda kununua sabuni, alichukua tupa ya kucha, akajichonga mwenyewe mpaka kucha zote zikawa na ncha kali. Aliinua mikono mbele ya kioo, akajiona kama bibi harusi ni yeye, kisha akaondoka kabla mama mdogo hajarudi.

Kesho yake kulikuwa na mazoezi ya mwisho kabla ya fainali ya Jumamosi. Mwalimu wa michezo alikuwa na desturi yake. Kabla mpira haujarushwa, wachezaji walijipanga mstari na kunyoosha mikono, naye akapita akiigusa kila kucha kwa kidole gumba. Aliyefuga kucha hakucheza, hata angelia. Twiga aliijua vizuri desturi hiyo, kwa hiyo mstari ulipoanza kupangwa alijitia kimbelembele.

"Mwalimu, nikalete mipira stoo?"

"Kimbia, mwanangu. Wote wangekuwa kama wewe, mimi ningenenepa."

Sifa hiyo ilimchoma kidogo, lakini alikwenda. Aliporudi na mipira, mstari ulikuwa umekwisha vunjika.

Aliyemkaba siku hiyo alikuwa Njiti, rafiki yake wa chanda na pete, msichana mwembamba mwenye mbio za ajabu. Mpira ulirushwa juu, karibu na uzio wa waya. Wote wawili waliruka. Twiga alinyoosha mkono kuudaka, akahisi kucha zake zimepita kwenye kitu laini. Alipotua chini, Njiti alikuwa amepiga magoti, amefunika uso, na damu inapenya kati ya vidole vyake.

Mwalimu alifika mbio. "Ondoa mkono nione. Nini kimekuchana?"

Chini ya jicho la Njiti kulikuwa na mchano mrefu. Njiti alimtazama Twiga, aliyekuwa amekunja ngumi kuzificha kucha zake.

"Waya, mwalimu. Waya wa uzio."

Mwalimu alipandwa na hasira. Alimgeukia mzee mtunza uwanja, aliyekuwa akichora mistari kwa chokaa. "Mzee wangu, si nilikuomba ukunje nyaya zote zilizochomoza? Ona sasa! Mtoto nusura apofuke!"

"Nilizikunja zote, mwalimu," mzee alisema polepole. "Nilianza tangu asubuhi."

Lakini mwalimu hakungoja. Alimshika Njiti mkono, wakaenda zahanati.

Wachezaji wengine walikaa kivulini wakinong'ona. Twiga alibaki amesimama peke yake. Kwa rafiki yake alisikia shukrani iliyomjaa kifuani. Njiti alikuwa ameumia, na bado alikuwa amemwokoa! Hakuna ambaye angejua. Jumamosi angefunga magoli, na Jumapili angeshika sahani ya pete.

Hapo ndipo alipomwona mzee. Alikuwa ameweka ndoo ya chokaa chini, anatembea kando ya uzio na kuupapasa waya kwa kiganja kitupu, kipande baada ya kipande, akiutafuta mwiba uliomchana mtoto wa watu. Alipoufikisha mkono mwisho wa uzio bila kukuta kitu, aliinama, akaanza upya kuanzia chini.

Twiga alipiga moyo konde, akamwendea.

"Babu, usitafute tena. Si waya. Ni mimi." Akakunjua ngumi.

Mzee aliziangalia kucha zile, kisha akamwangalia yeye. Aliketi kwenye nyasi kando ya uzio. "Asante, mjukuu wangu. Nilikuwa nimeanza kudhani macho yangu hayanifai tena kwa kazi. Sasa kamwambie na mwalimu."

Mwalimu aliporudi na Njiti, aliyebandikwa plasta shavuni, Twiga alimwendea. Alimwambia yote: kucha, stoo, mkono uliopita usoni mwa rafiki yake.

Mwalimu alizitazama kucha zile. "Kwa hiyo hata heshima yako ya kubeba mipira ilikuwa ya kunidanganya."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Muuguzi amesema jicho ni zima. Kucha ingepanda kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Jumamosi utaanzia nje, mwenzako atashika nafasi yako. Kucha zikiwa sawa, nitafikiria kukuingiza." Kisha akamgeukia mtunza uwanja na kuinamisha kichwa. "Mzee wangu, nilikukosea mbele ya watoto. Naomba radhi."

"Yamekwisha, mwalimu," mzee alijibu. "Huyu mtoto ameniondolea mzigo."

Jioni Twiga na Njiti waliongozana hadi saluni. Twiga alisimulia tena, safari hii akilia. Mama mdogo hakumkaripia. Alimkalisha kitini, akaloweka vidole vyake katika maji ya vuguvugu, kisha akakata ncha zote na kuanza kusugua kwa tupa, akielekea upande mmoja tu ili kucha zisichanike. Pembeni alizinyoosha, juu akazizungusha kufuata nyama ya kidole.

"Tazama sasa."

Twiga alitazama. Kucha zilikuwa fupi, safi, na vidole vilionekana kama vimeongezwa urefu. Vilikuwa vilevile vyake, lakini kwa mara ya kwanza hakutamani kuvificha.

"Nashukuru sana, mama mdogo," alisema. Kisha akamgeukia Njiti. "Nawe nakushukuru. Hukustahili kunifichia."

"Nilihofia ungeondolewa kwenye timu," Njiti alijibu. "Halafu nani angefunga? Mimi?" Wote wakacheka, maana Njiti hakuwahi kufunga goli hata mazoezini. "Lakini nilipomsikia mzee akigombezwa, mchano haukuniuma kama maneno yale."

Mama mdogo aliweka tupa chini. "Sikilizeni, wanangu. Kupenda kupendeza si kosa, ndiyo kazi inayonilisha mimi. Lakini pambo zuri ni lile linaloendana na mwili wako na kazi ya mikono yako, wala halimuumizi mwingine. Na wewe Njiti, una moyo wa dhahabu, ila uongo ulioutoa kumwondolea rafiki yako mzigo ulimwangukia mzee asiye na kosa. Leo tumshukuru Mungu kwa jicho lililonusurika, tumshukuru na mzee kwa kusamehe upesi. Si kila anayekosea hupata bahati hiyo."

Njiti aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha mikono yake myembamba mbele ya Twiga. "Basi nitengeneze na mimi."

Twiga alimtazama mama yake mdogo, naye akampa tupa. Twiga akavuta kiti karibu, akaushika mkono wa rafiki yake kwa uangalifu, na kabla ya kuigusa hata kucha moja, akamuuliza, "Mikono hii inafanya kazi gani kutwa?"