Viatu vya Bibi na Mizigo ya Watu

Kila jioni, Kawthar aliporudi shuleni, alimkuta Bibi Narjis amevaa viatu vyake vya raba, akitembea kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa yao huko Thorncliffe Park, Toronto. Bibi alikwenda hadi kwenye lifti, akageuka, akarudi. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba goti lake halitavumilia barabara za mawe za Ulaya bila mazoezi na bila viatu vile.

"Nikifika Budapest nitapanda ngazi za meli bila kushikwa mkono," aliwatambia majirani waliochungulia.

Maisha yake yote Bibi alikuwa amesafiri kwa ajili ya arusi, misiba na ziara za kidini tu. Aliuza vitambaa Tanga, kisha akaja Toronto kulea wajukuu. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa anakwenda kujifurahisha. Yeye na akina mama wenzake wa msikitini wangepanda meli ya watalii kwenye mto Danubi. Nyumba nzima ilijivuna. Kawthar, msichana wa miaka kumi na miwili, alijivuna kuliko wote, maana Bibi alimkabidhi sanduku.

"Wewe ndiye msimamizi," Bibi alimwambia. "Kinachoingia na kinachotoka nakuachia wewe."

Habari zikaenea. Nani asiyeijua desturi yetu? Tukisikia jirani anasafiri, kifurushi kiko tayari. Mjomba Mehdi, jirani yao, alileta chupa kubwa ya achari ya kumpelekea ndugu yake aliyeko Stockholm. Mama mmoja alileta chevda, vile vitafunio vya kukaanga, za bintiye wa Birmingham, na mwingine kitambaa cha shemeji yake wa Paris. Kwao Ulaya ilikuwa kama mtaa mmoja.

"Utaniwekea, mwanangu?" waliuliza.

"Bila shaka," Kawthar alimjibu kila mmoja. Aliona raha kuombwa kama mtu mzima, na kusema hapana kulimshinda.

Jioni ya mwisho kabla ya safari, Bibi alimletea viatu. "Viweke sandukuni, mama. Kwenye ndege nitavaa makubadhi, miguu hunivimba."

Sanduku lilikuwa limejaa pomoni. Kawthar alisukuma, akakalia kifuniko, wapi! Mizani nayo ilikuwa imefika mwisho wa uzito unaoruhusiwa. Basi akavisukumia viatu chini ya kitanda na kufunga zipu.

Mama yake, Tahera, alichungulia. "Viatu vya Bibi vimo?"

"Vimo, Mama."

Kusema kulikuwa rahisi. Kisha Kawthar akaketi mezani kula. Bibi alikuwa ukumbini na soksi zake, akimaliza mazoezi ya mwisho, na sauti yake ilisikika hadi mezani.

"Viatu vyangu viko sandukuni tayari," alikuwa akimwambia jirani. "Amefunga Kawthar. Yule mtoto sina wasiwasi naye hata kidogo."

Akilini mwake Kawthar alimwona Bibi goti limemvimba, amebaki peke yake melini huku wenzake wakitembea mjini. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Alivichukua viatu na kumpelekea.

"Bibi, nimedanganya. Viatu vilikuwa chini ya kitanda. Sanduku limejaa mizigo ya watu."

Walilifungua pamoja. Mama alitazama ramani kwenye simu. Meli ingepita Vienna na Budapest, mbali kabisa na Stockholm, Birmingham na Paris. Bibi alicheka, kisha akamgeukia Kawthar.

"Aliyepokea ndiye atakayerudisha," alisema.

Kawthar alianza na ile achari.

"Shikamoo, Mjomba. Samahani, Bibi hafiki Stockholm. Ilifaa nikwambie siku ile ile."

"Marahaba," Mjomba Mehdi alijibu, uso umemkunjamana. "Jana tu mtoto wa jirani yetu Hussain ameondoka kwenda huko huko, na begi lake lilikuwa nusu tupu! Ningempa yeye."

Kawthar alimkabidhi chupa yake. Alirudi nyumbani kichwa chini, akamsimulia Bibi.

"Umeona?" Bibi alisema. "Ulimkubalia ili afurahi, kumbe umemkosesha. Jambo lisilowezekana, sema haliwezekani, tena mapema. Huo ndio uungwana. Lakini viatu umevitoa mwenyewe, hakuna aliyekukamata. Kwa hilo najivunia wewe."

Usiku huo Kawthar alirudisha na vifurushi vilivyobaki, na viatu vikaingia sandukuni. Siku ya safari, uwanja wa ndege ulijaa akina mama na masanduku. Shangazi Masoomah alikuja mbio kuwaaga, mkononi ana kopo la biskuti.

"Ni kidogo tu, Bi Narjis, za rafiki yangu wa London!"

Bibi alimwonyesha Kawthar kwa kidole. "Msimamizi yule pale. Muulize."

Wote wakamgeukia. Safari hii Kawthar alimtazama Shangazi usoni.

"Samahani, Shangazi, haiwezekani. Meli haifiki London."

Shangazi Masoomah alishangaa, kisha akacheka na kufungua kopo. "Basi tuzile wenyewe!"

Bibi alichukua biskuti moja, akampa Kawthar nusu.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia wenzake kwa sauti kubwa. "Huyu ni mjukuu wangu. Akikwambia ndiyo, ujue ni ndiyo."

Kisha akaliinua sanduku lake mwenyewe, likapanda kwenye mizani bila taabu, na akaenda zake kwenye lango la wasafiri bila kushikwa mkono.