Visanduku Viwili vya Kijani

Kila siku baada ya masomo, Kipensili alipitia kibandani kwa shangazi yake, fundi cherehani. Aliokota vitambaa vilivyoanguka, akafagia nyuzi, kisha akaketi kwenye benchi kumsubiri rafiki yake Mashavu. Jina la Kipensili alipewa na wenzake kwa sababu nyuma ya sikio lake hapakukosa kipande cha penseli. Yeye na Mashavu walikuwa chanda na pete, na mchezo wao ulikuwa Sudoku, lile fumbo la kujaza namba moja hadi tisa bila namba kujirudia katika mstari wowote, wa kulala au wa kusimama, wala katika mraba wa visanduku tisa.

Kipensili alikuwa amebuni njia yake. "Tazama," alisema siku moja. "Katika mstari huu, tano inaweza kukaa kwenye visanduku viwili tu. Kimoja nakipaka kijani, cha pili njano. Kijani ikiwa kweli, njano ni uongo. Naendelea hivyo mstari kwa mstari. Nikikuta visanduku viwili vya kijani katika mstari mmoja, basi kijani chote ni uongo. Tano zote ziko kwenye njano!"

"Nimeelewa," Mashavu alijibu.

"Kweli?"

"Kweli bwana, kwani mimi jiwe?"

Wakacheka mpaka shangazi akawaambia wasimharibie mshono.

Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu wa hesabu alitangaza shindano la wawili wawili. Kila jozi ilipewa mafumbo mawili kutoka kitabu cha maktaba, wayafanye nyumbani na kuonyesha njia waliyotumia. "Niachie hili gumu," Mashavu aliomba. Kipensili akamwachia bila wasiwasi.

Jumatatu mwalimu aliwaita mbele, akainua karatasi ya fumbo gumu. Namba zote zilikuwa sahihi. Lakini Kipensili alipotazama rangi, moyo ulimlipuka. Mstari wa tatu ulikuwa na visanduku viwili vya kijani, na tano imeandikwa ndani ya kimojawapo! Rangi zilipakwa ovyo, kama pambo.

"Majibu haya yamenakiliwa kutoka kurasa za mwisho za kitabu," mwalimu alisema. "Nani alifanya hili?"

Mashavu alitazama sakafu. "Ni yeye, Mwalimu. Mimi nilimkataza."

Darasa zima likaguna. Kipensili angesingiziwa na mtu mwingine yeyote angejibu, lakini Mashavu! Kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi kwenye dawati macho yakimwasha, na nyuma yake mtu akanong'ona, "Mwizi wa majibu."

Jioni alimsimulia shangazi yake huku akilia kwa kwikwi. Shangazi alisimamisha cherehani.

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi kesho useme, mwanangu. Uongo ukiachwa peke yake uwanjani, watu wataushangilia."

Kesho yake Kipensili alibisha hodi ofisini. "Mwalimu, naomba utupe mafumbo mapya, kila mtu lake, tuyafanye mbele yako."

Mwalimu akamwita Mashavu, akawapa karatasi na kalamu za rangi. Baada ya nusu saa Kipensili alikuwa amemaliza, akaeleza kila rangi aliyoipaka. Karatasi ya Mashavu ilikuwa tupu, imelowa tone la chozi.

"Sijawahi kuelewa zile rangi," alisema kwa sauti ndogo. "Hata siku moja."

"Lakini kila siku ulisema umeelewa!" Kipensili alimaka.

"Niliogopa utatafuta mwenzako mwingine. Nisamehe."

Kipensili alirudisha penseli sikioni. Alasiri zote zile, kumbe alikuwa akiongea peke yake! "Nitakusamehe," alisema hatimaye, "lakini si leo."

Mwalimu aliwapeleka darasani, na Mashavu akakiri mbele ya wote. Aliondolewa kwenye shindano, naye Kipensili akaruhusiwa kuchagua mwenzake mwingine. Aliyenong'ona jana akainamisha kichwa.

"Sikilizeni, wanangu," mwalimu alisema. "Kutoelewa si kosa, ndiyo maana kuna shule. Mashavu angesema 'sijaelewa' siku ya kwanza, angefundishwa siku ileile. Aliona aibu, akanakili. Aliponaswa, akamtwika rafiki yake mzigo. Jibu lililofutwa huandikwa tena kwa dakika moja. Imani ya rafiki huchukua muda mrefu kurudi, na kazi hiyo Mashavu ataianza leo."