Mkia Uliotaka Kutangulia

Upepo ulivuma kutoka kushoto, tena kwa hasira. Kwa ndege ndogo aina ya Piper, yenye magurudumu mawili mbele na kijigurudumu kimoja mkiani, hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko risasi.

Kucha, mpelelezi wa siri, alikaa kiti cha nyuma. Mbele yake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, rubani wa kunyunyizia mashamba dawa. Idara haikuwa na ndege karibu. Shemeji alikuwa nayo.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Kucha, hapa Mkuu. Unawaona?"

"Nawaona. Cessna nyeupe, mwisho wa kiwanja. Wanapakia masanduku."

"Ni vilipuzi vya kulipulia bwawa. Polisi bado wako mbali. Isiruke."

"Haitaruka."

Kiwanja kilikuwa chembamba, mtaro huku, mtaro kule. Piper ikisimama katikati, Cessna haina pa kupita. Mpango ulikuwa huo tu.

"Shemeji, upepo huu unauonaje?"

"Upepo niachie mimi. Wewe shika bastola yako." Shemeji alicheka. "Ila tukishagusa chini, usinisemeshe. Chombo hiki ukorofi wake huanzia ardhini. Uzito uko nyuma ya magurudumu. Mkia ukipotoka kidogo, unataka kutangulia kichwa."

"Ukitangulia?"

"Tutatazama tulikotoka. Halafu dada yako atanifufua ili aniue mwenyewe."

Kucha alitazama miguuni pake. Pedali za nyuma, za kuongozea mkia, zilikuwa zimeng'olewa kupisha tangi la dawa. Alikuwa mzigo, kama dawa yenyewe.

Gurudumu la kushoto likagusa. La kulia likafuata. Mkia ukashuka taratibu.

Laini kama siagi.

Kucha akashusha pumzi. Kwake yeye, kutua kulikuwa kumekwisha. Akachomoa Glock. Hapo akamwona mtu akichomoza vichakani, AK-47 mkononi.

"Shemeji, kulia! Ana bunduki!"

Shemeji akageuza kichwa. Kufumba na kufumbua tu. Mguu wake ukalegea.

Upepo ukaushika mkia.

Pua ikaenda kushoto. Shemeji akakanyaga pedali ya kulia mpaka mwisho. Akakanyaga breki. Wapi! Mkia ulikuwa umeshaota kichwa chake.

"Mama yangu!" alisema shemeji, kwa sauti ndogo.

Kucha naye alikanyaga. Alikanyaga sakafu tupu kwa miguu yote miwili, kama abiria anayefunga breki za gari la mwenzake. Mtu aliyefundishwa kuua kwa kalamu, na hakuwa na cha kushika.

Bawa la kulia likachimba udongo. Mguu wa ndege ukavunjika. Dunia ikazunguka mara moja, ikatulia kwa kishindo.

Piper ililala ikikingama kiwanja. Kucha alining'inia kwenye mkanda. Glock ilikuwa imeruka nje.

Na Cessna ilikuwa inakuja.

Mwenye AK alikuwa amedandia ndani, na rubani wao alikuwa ameshatia moto. Kucha alivuta mkanda. Ulikataa. Alivuta tena. Aliiona propela ikikua, akafumba macho.

Breki zikalia. Rubani wa magendo alikwepa, akatumbukia mtaroni, pua chini.



Mkanda ukafunguka sasa, wakati kazi imeshafanyika bila yeye. Kucha akatoka, akaiokota Glock mavumbini, akawapanga wanaume watatu waliokuwa wakikohoa damu na vumbi. Hakuna aliyebisha. Masanduku yalikuwa mazima.

"Kucha, hapa Mkuu. Polisi wanaingia. Kuwazibia njia namna ile! Kichwa unacho, wewe."

Kucha akaizima redio.

"Shemeji," sauti ikatoka ndani ya Piper. "Niambie ukweli. Mguu wangu upo?"

"Upo."

"Mbona siusikii?"

Alimshika mkono mpaka polisi walipokata vyuma na kumtoa. Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban na kuondoka kwa miguu, bila haraka, kama mtu aliyetoka kununua gazeti.

Bwawa lilibaki, na mji chini yake ukaendelea kuteka maji.

Lililolipwa ni hili: Piper moja, isiyo na bima. Mguu wa kulia wa shemeji, kuanzia gotini. Kazi pekee aliyoijua. Na dada, ambaye tangu siku hiyo hamwiti Kucha kaka. Humwita afande.