Mwana wa Nani Huyu?

Nasipwondi alikuwa mtu wa kushuku. Muuza samaki akiapa kwamba changu ni wa leo, yeye humfunua samaki mashavu kwanza. Mchungaji akitangaza kuwa ibada itakuwa fupi, yeye hubeba biskuti. Ndiyo maana akina mama wa kanisa lao la Tudor walipotafuta mtu wa kupanga matembezi ya mwisho wa mwaka, walimsukumia yeye. Mwaka uliopita walikuwa wamefika kwenye hoteli moja ya pwani, vitenge vya sare vimenyooshwa, nyimbo tayari kooni, na hoteli haikuwa na habari nao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Safari hii walitaka kuzuru Jumba la Mkiluani, kule Mji wa Kale. Lilikuwa jumba la mawe la ghorofa mbili, lenye milango ya nakshi, roshani ya mbao, na bustani nyuma yake inayoteremka mpaka baharini. Mtunzaji wake, mzee Abdulhalim, alimwambia kwa simu kwamba kila kitu ki sawa, aje kesho asubuhi atembezwe. Hicho "kila kitu ki sawa" ndicho kilichomnyima raha. Nasipwondi akakata shauri aende jioni ile ile, alione jumba kabla halijapambwa.

Alitoka kazini Shimanzi, kwenye ofisi ya malori alikokuwa karani, akampitia bintiye shuleni. Emmah alikuwa na miaka saba na maneno ya watu watatu. Njia nzima aliuliza kama bustanini kuna tausi, na kama tausi huuma, na kama huuma, nani huanza, tausi au mtu.

"Emmah, pumua kidogo," mamake alimwambia.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Kunguru walipiga kelele juu ya mapaa, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Lango la bustani lilikuwa wazi, kiasi cha mtu kupita ubavu.

"Hodi!"

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu..."

Sauti ilitoka ndani ya bustani. Wakaingia. Harufu ya maua ya vilua ikawapokea, tamu, nzito. Chini ya utamu huo palikuwa na harufu nyingine, ya maji yaliyokaa birikani muda mrefu bila kuchotwa. Chini ya mkilua, juu ya baraza la mawe, alikaa mwanamke aliyejitanda leso. Alikuwa akitunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, ua baada ya ua, na vidole vyake vilienda bila yeye kuvitazama.

Nasipwondi akaanza kushuku papo hapo. Huyu nani? Abdulhalim hakutaja mwanamke yeyote. Au ni dalali, anayewangoja wageni awauzie matembezi ya pembeni? Tena mbu walikuwa wakimla yeye miguu yote miwili, lakini kwa yule mwanamke hapakuwa na hata mmoja.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri. Mwatoka wapi?"

"Shimanzi, mama. Nimekuja kuangalia mahali. Wenzangu wanataka kuja kutembea Jumamosi."

"Na waje." Mwanamke hakuinua uso. "Na huyu... mwana wa nani huyu?"

Kwao Bungoma, mtoto akiulizwa ni wa nani, hutajwa babake, ukoo wake, na hata mto wanakochota maji. Lakini Nasipwondi alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi, na alijivunia kuzijua adabu za wenyeji. Majirani walikuwa wamemfunza kwamba mtu mzima akimwulizia mtoto kwa mapenzi, humjibu: wako. Ni neno la heshima tu. Unalisema, mnacheka, kila mtu anarudi kwake na mtoto wake.

"Wako, mama," akasema.

Vidole vikasimama.

"Wangu?"

"Wako."

"Wanipa kwa moyo mkunjufu?"

Nasipwondi akacheka. Wakati huo alikuwa akichungulia mlango wa nyuma wa jumba, akishuku kwamba vyoo havina maji. Alishuku lango, alishuku mbu, alishuku vyoo. Mdomo wake mwenyewe hakuushuku.

"Kwa moyo mkunjufu, mama."

Mwanamke akainua uso. Ulikuwa uso mzuri, na ulikuwa na furaha. Furaha kubwa mno kwa neno dogo kama lile. Akainuka, akamchomeka mtoto kikuba kwa pini kwenye sweta la shule, akampapasa shavu.

"Mpeleke akale," akanong'ona. "Mwana asilale na njaa. Nitamwita mwenyewe."

Adhana ya magharibi ikalia. Nasipwondi akamshika mtoto mkono, wakatoka upesi. Mkono ule ulikuwa baridi. Na mtoto, ambaye njia nzima hakufunga mdomo, hakuuliza lolote.

Mzee Abdulhalim walikutana naye kichochoroni akienda kuswali, kofia kichwani, funguo mkononi.

"Dada, ni wewe wa kanisani? Mbona mwatoka upande huu? Mumepita wapi?"

"Langoni."

"Lango lipi?"

Nasipwondi akageuka kumwonyesha.

Lango lilikuwa limefungwa. Mnyororo, kufuli, kutu.

Mzee akamtazama mtoto. Akakiona kikuba, na uso wake ukabadilika.

"Amekuuliza?" Sauti yake ilishuka. "Amekuuliza mwana wa nani?"

"Ndiyo."

"Ukamjibuje?"

"Nilimjibu kwa adabu. Nilimwambia wako."

"Lahaula..." Abdulhalim akaegemea ukuta. "Sisi wa hapa tukiulizwa pale hujibu 'wa Mungu', tukapita. Watu husema mwenye nyumba hakujaaliwa mwana. Basi kila apitaye na mtoto alimwuliza, nao kwa adabu zao wakamwambia wako. Naye hupokea alichopewa."

"Alikufa lini huyo?"

"Sijasema amekufa."

Kisha akamshika kwa maneno ya haraka haraka: warudi ndani sasa hivi, naye Nasipwondi aseme kwa sauti kwamba mtoto ni wake, amemzaa yeye. Ila iwe maua yangali mabichi. Yakinyauka, basi.

Hapo ndipo shaka ya Nasipwondi ilipompoteza. Aliona wazi mchezo wote: mwanamke hutisha bustanini, mzee huponya kichochoroni. Wanakuroga kwa mkono huu, wanakuagua kwa mkono ule. Kufuli, bila shaka, yule mwanamke amelifunga nyuma yao.

"Mzee, mimi nimeokoka," akasema. "Mchezo huo wachezeeni watalii."

Akaondoka na mtoto wake. Mzee akamwita mara nyingi, naye hakugeuka.

Nyumbani Tudor alifungua mlango, akaingia, akawasha taa. Mtoto akabaki nje.

"Hodi," mtoto akasema.

"Ingia, wewe. Acha mzaha."

"Hodi."

Nasipwondi alisimama na sufuria mkononi. Mwishowe akasema, taratibu, "Karibu." Ndipo mtoto akaingia. Akavua viatu kizingitini, akakaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini. Alikula wali bila kuacha hata punje, akanawa, akasema, "Ahsante, umenikirimu."

"Nani amekufunza kusema hivyo?"

Mtoto akatabasamu tu, jinsi mgeni anavyotabasamu akiulizwa jambo la ndani.

Alimpigia mumewe, Levi, aliyekuwa njiani na lori kuelekea Malaba. Levi akacheka, akasema watoto huiga majirani, kesho atasahau. Nasipwondi akaomba mpaka sauti ikamkauka. Alijaribu kukitoa kile kikuba kwenye sweta, na pini haikutaka kuachia. Maua yalikuwa bado mabichi, na chumba kizima kilinuka yale maji ya birikani.

Asubuhi mtoto alijitandikia kitanda bila kuambiwa. Akavaa lile sweta, akaketi karibu na mlango.

"Unangoja nini?"

"Nangoja kuitwa."

Nasipwondi aliogopa. Aliogopa hivi kwamba alisahau kushuku. Alimburura mtoto mpaka Mji wa Kale, hakwenda kazini, hakumuaga mtu. Abdulhalim alikuwa ametoka, akaambiwa amevuka Likoni kuzika. Akamngoja barazani kwa watu, akilia bila kujificha, na jua likamkuta hapo likaenda zake. Maua kifuani mwa mtoto yalianza kugeuka rangi ukingoni.

Mzee aliporudi alikuta jioni imeshaingia. Hakumlaumu. Aliyatazama maua, akayatazama tena, akafungua kufuli.

Bustani haikuwa ile ya jana. Baraza la mawe lilijaa majani makavu, ya miaka. Mkilua ulikuwa kisiki. Kule juu, roshani ilikuwa imegongomewa mbao toka ncha hadi ncha.

"Sema," Abdulhalim akanong'ona.

"Ni wangu!" Nasipwondi akapiga kelele. "Nimemzaa mimi! Lile lilikuwa neno la adabu tu! Ni wangu!"

Jani moja likaanguka.

Kisha, nyuma ya zile mbao, sauti ikajibu. Haikuwa na hasira hata kidogo.

"Basi mwite."

Nasipwondi akamgeukia mtoto. Akafungua kinywa.

Jina halikuja.

Lilikuwa jina la marehemu mamake, alilompa yeye mwenyewe, juu ya kitanda cha hospitali, huku akilia. Alilitafuta. Alikumbuka ile siku, alikumbuka shuka, alikumbuka sauti ya muuguzi akiuliza mtoto ataitwaje. Alijiona akijibu, midomo ikienda, na hakuna kilichotoka. Hapo akatambua kwamba tangu jana amekuwa akisema "wewe". Wewe ingia. Wewe kula. Wewe unangoja nini.

"Wewe..." akasema. "Mwanangu... wewe..."

Mtoto alimtazama kwa upole, kama mtoto anayemsubiri mgeni amalize kuuliza njia. Ua la mwisho likadondoka kutoka kwenye sweta, jeusi.

Juu kule, sauti ikaita jina. Fupi, laini. Abdulhalim alilisikia, maana alijishika kichwa. Nasipwondi aliona mbao zikitetemeka, lakini hakusikia kitu.

Mtoto alilisikia.

"Abee, mama," akaitikia, akauachia mkono wa Nasipwondi.