Tuzo Nyuma ya Mlango

"Zima hiyo televisheni, Wasan."

"Babu, bado kidogo. Sasa hivi watataja jina la Bibi."

"Nimesema zima."

Mzee Humoud hakuwa na mazoea ya kurudia neno nyumbani kwake Ibra, Oman. Lakini ilikuwa Ijumaa, chakula cha mchana kimekwisha kuliwa, na mjukuu wake huyu, anayesoma chuo Nizwa, alikuwa amewaletea wazee wake zawadi ya miaka hamsini na mitano ya ndoa. Ilikuwa filamu ya sherehe ya mwaka ya tuzo za televisheni, Nairobi, 1970, picha nyeusi na nyeupe. Mtunza kumbukumbu mmoja alikuwa amemtumia kwa simu.

"Mwache mtoto, Baba Tamima," akasema Bi Ghalia, mkewe. "Mwaka ule nilishindwa. Nataka nimwone aliyenishinda."

Aliyasema hayo bila kinyongo. Mwaka ule, kabla hawajahamia Oman, alikuwa na miaka kumi na tisa, akiwasomea watoto hadithi katika televisheni kila Jumamosi alasiri. Baba yake, Mzee Nadhir mwenye duka, alimruhusu kazi ya mchana. Hafla ya jioni, mbele ya wanaume wasio maharimu wake, hakumruhusu. Kwa hiyo alimteua Humoud, mtoto wa nduguye na karani wake dukani, awe wakili wa binti yake. Ghalia akishinda, Humoud ampokelee.

Kwenye kioo, bwana mmoja mwenye suti nyeusi alifungua bahasha.

"Mtangazaji bora wa vipindi vya watoto," akasoma, "ni Ghalia binti Nadhir."

Makofi yakapigwa. Tamima, binti yao aliyekuja kutoka Sur, akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Mama, ulishinda."

Kijana mwembamba mwenye tai nyembamba akapanda jukwaani.

"Wallahi, Babu, kumbe ulikuwa hendisamu," akasema Wasan. Hakuna aliyecheka naye.

Kijana yule akaipokea tuzo, akaisogelea maikrofoni.

"Nimesimama hapa kwa uwakala," akasema. "Ghalia anakushukuruni, na anakuageni. Anaolewa. Hatarudi tena kazini."

Filamu ikaishia hapo. Bi Ghalia akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu azae akamwita kwa jina.

"Humoud. Jioni ile ulirudi ukaniambia nini?"

"Mambo ya kale hayo, binti ammi."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba wamemtaja mwingine."

"Nami nikafanya nini?"

"Ulilia."

"Ukanipa leso yako. Ukasema, 'Wao hawaijui thamani yako, mimi naijua.' Nilikuwa nimeikataa posa yako mara mbili. Kwa neno hilo moja nikaikubali, na kazini sikurudi tena."

Mzee Humoud akatazama zulia.

"Na gazeti la asubuhi yake?"

"Nililipokea mimi mlangoni. Nikalichana."

"Wenzangu wa kazini hawakuniandikia?"

"Waliandika. Ufunguo wa sanduku la posta nilikuwa nao mimi."

"Baba, kwa nini?" akauliza Tamima.

"Angelipanda jukwaa lile, angekuwa wa watu wote. Mimi nilikuwa karani, napima sukari kwa ratili. Angeniona wapi? Nilimpenda mama yako."

"Ulinipenda nikiwa nimeshindwa," akasema Bi Ghalia. "Aliyeshinda ulimwogopa. Wasan, irudishe filamu. Hapo anapopokea. Isimamishe."

Akakitazama kilichokuwa mikononi mwa kijana yule: pande la shaba, mraba kwa chini, limechongoka kwa juu. Kisha akainuka, akaenda kwenye mlango wa majlisi. Nyuma ya mlango ule palikuwa na pande la shaba ambalo kwa umri wote wa ndoa yake alilisukuma kwa mguu, ili mlango ukae wazi wageni waingie. Akalipindua. Ubavuni palikuwa na matundu manne ya misumari, pale kibao cha jina kilipong'olewa.

"Uliniambia hili ni jiwe la mizani la marehemu baba."

"Sikuwa na moyo wa kuitupa."

"Ukawa na moyo wa kunipa niipige teke kila asubuhi."

"Nisamehe, binti ammi. Nakuomba mbele ya watoto wetu."

Bi Ghalia hakujibu. Mzee Humoud akangoja, kisha akamgeukia Tamima, na uso wake ukapata nuru kidogo.

"Amenyamaza. Kimya ni ridhaa. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kimya cha mwari, siku ya kuposwa," akasema Bi Ghalia. "Mimi ni ajuza wa miaka sabini na minne. Na baba alikupa uwakala wa kunipokelea, hakukupa uwakala wa kuniaga. Aliondoka duniani akinihurumia kwa kushindwa, Humoud. Hilo utalirudishaje?"

Bi Ghalia akamgeukia binti yake.

"Tamima, unarudi Sur saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alasiri, Mama."

"Nafasi ipo garini?"

"Ipo."

Bi Ghalia aliifunga tuzo katika shela yake, akatoka. Mlango, usio na kitu cha kuuzuia, ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Siku ya nne, Sur, ujumbe uliingia katika simu ya Bi Ghalia. Macho yake hayakuziweza herufi ndogo, kwa hiyo Tamima akamsomea:

"Binti ammi, Alhamisi nakuja kukuchukua. Usiponijibu nitajua umeridhia."

"Nimjibu nini, Mama?"

"Wewe usinijibie. Nionyeshe pa kubonyeza, nimpelekee sauti."

Tamima akamwonyesha. Bi Ghalia akakaa wima, akaitengeneza shela, akangoja kidogo kama mtu anayengoja taa ya studio iwake. Kisha akasema, polepole, kila neno mahali pake:

"Huyu ni Ghalia binti Nadhir, anasema mwenyewe. Mwaka ule sikuulizwa. Leo nimeulizwa, na sikuridhia."

Akaisikiliza mara moja. Sauti haikutetemeka. Akaituma kwa kidole chake mwenyewe.