Neno Alilolisema Maren Nyuma ya Wavu

Katika mji wa Kessler, kila nyumba iliyompokea mchezaji wa besiboli ilijua sharti moja: mambo ya mchezaji yaliyoonekana nyumbani hayasemwi nje. Akiumwa, akigombana na mkewe kwa simu, au akikosa usingizi, hayo yanabaki ndani ya kuta zile. Nyumba itakayovunja sharti itanyang'anywa mchezaji wake, wala haitapewa mwingine mpaka msimu uishe. Mwenye nyumba alitia sahihi mbele ya meneja wa timu, na watoto wake walisomewa sharti hilo wakiwa wamesimama.

Maren Tollefsen, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesomewa mara tatu, kwa kuwa mchezaji yuleyule alikuja kukaa kwao majira matatu ya joto mfululizo. Baba yake Maren aliendesha lori la masafa marefu, naye alionekana nyumbani Jumapili moja kati ya mbili. Mama yake alikuwa amehamia mji wa mbali na kuanza maisha mengine. Waliobaki ni Maren na bibi yake mzaa baba, Bibi Ingrid, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka thelathini. Wakati wa baridi nyumba ile ilikuwa kimya hata Maren akiwa chumbani kwake aliweza kusikia friji ya jikoni ikijizima.

Kila mwezi wa Mei kimya kile kiliondoka. Desmond Pruitt alishusha mabegi yake mawili barazani, akauliza kama pai ya matufaha imebaki, na nyumba ikapata sauti. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuidaka mipira ya mrushaji wake. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mitano, na magoti yake yalilia kila alipoinuka. Wenzake walimwita Babu. Kila asubuhi, baada ya mayai na viazi vya kukaanga, yeye na Maren walivaa glavu wakarushiana mpira uani mpaka umande ukakauka. Kila baada ya mchezo aliketi jikoni na mfuko wa njegere zilizogandishwa juu ya bega, kama wafanyavyo wadakaji wote wenye umri wake, akimsimulia Bibi Ingrid makosa ya mwamuzi.

Mwaka huo, mwezi wa Julai ulipoelekea ukingoni, mji mzima ulikuwa na ubishi mmoja. Timu yao, Wavunaji, ilikuwa ya nne kati ya timu nane, michezo mitano nyuma ya timu ya pili, na ni timu mbili tu zinazokwenda fainali. Dirisha la kubadilishana wachezaji lingefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Je, Wavunaji wawashikilie wakongwe wao na kuuwania ubingwa mwaka huohuo, au wawatoe kwa timu nyingine na kupokea vijana wa kujenga kikosi upya? Katika mgahawa unaotazamana na mahakama, wakulima wastaafu walibishana hadi kahawa ikapoa.

"Mwakani, mwakani," alisema mzee Orville, aliyekuwa kinyozi wa mji. "Mimi nina miaka themanini na moja, Walter. Mwakani nitakuwa makaburini. Nitashangilia nikiwa chini?"

"Utashangilia tu," Walter akamjibu bila kuinua macho kwenye sahani yake. "Hata hapa juu husikii kitu."

Bwana Hollis Ackerman, meneja wa timu, hakubishana na mtu. Yeye alikuwa amekwisha kuamua. Wakongwe wangeondoka, na Colby Renner, mdakaji wa miaka ishirini aliyekaa benchi tangu Mei, angepewa nafasi ajifunze kazi.

Maren aliupata ukweli huo Jumatatu, akiwa ameketi kwenye ngazi za ndani. Desmond alikuwa barazani akizungumza na Bibi Ingrid. Alisema kwamba timu ya Port Lachlan, iliyoongoza ligi, ilimtaka, na ingewatoa vijana wawili kwa ajili yake. Msaka vipaji wao angekuja kesho yake kumtazama.

"Miaka kumi na saba, Bi Ingrid," akasema. "Sijawahi kucheza fainali hata moja."

Kilichomchoma Maren si habari ile, bali furaha iliyokuwa katika sauti ya Desmond. Hakuwa ameisikia sauti hiyo hapo kabla, wala yeye hakuwa ndiye aliyeileta. Akahesabu kwa vidole: Agosti, Septemba, Oktoba, na miezi yote ya theluji. Akapanda chumbani bila kuaga.

Jumanne, msaka vipaji wa Port Lachlan, aliyeitwa Bwana Coyle, aliketi nyuma ya wavu unaowakinga watazamaji, viti viwili kutoka mahali alipozoea kukaa Maren. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya majani na daftari dogo. Katikati ya mchezo alimwuliza kama anamjua mdakaji yule.

"Anakaa kwetu," Maren akasema.

Bwana Coyle aliiweka kalamu chini papo hapo. "Basi usiniambie kitu, binti. Najua masharti ya nyumba zenu."

Mlango wa kuliepuka kosa ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake, na mtu mzima ndiye aliyeufungua. Maren hakupita.

"Bega lake limekwisha," akasema. "Kila siku analiwekea barafu. Asubuhi hawezi hata kuinua kikombe."

La barafu lilikuwa kweli, tena halikuwa lake kulisema. La kikombe lilikuwa uongo mtupu. Bwana Coyle alimtazama kwa muda, akautazama uwanja, kisha akalichukua daftari lake na kupiga mstari mrefu katikati ya ukurasa. Alikwenda zake kabla mchezo haujamalizika. Maren akajiambia kwamba sasa Desmond atabaki, na akashangaa kuona kwamba hafurahi.

Siku ya pili yake Desmond alirudi saa sita mchana. Aliketi jikoni bila kuvua viatu, jambo ambalo Bibi Ingrid hakuliruhusu kwa mtu yeyote, na siku hiyo hakulikemea. Akaeleza kwamba Port Lachlan wamejitoa kwa sababu wamesikia bega lake limekufa. Habari imekwisha kuzifikia timu nyingine, na hakuna inayomtaka. Na kwa kuwa nafasi ni ya Colby sasa, Bwana Ackerman atauvunja mkataba wake Ijumaa.

"Bega langu ni zima," akasema, akiuzungusha mkono wake polepole, kana kwamba yeye mwenyewe ameanza kuwa na shaka. "Labda ni Colby aliyesema. Anaitaka nafasi yangu. Simlaumu."

Maren alikuwa amesimama karibu na sinki akiwa na glasi mkononi. Neno la kweli lilikuwa mdomoni mwake, tayari kabisa, naye akalimeza pamoja na maji.

Alhamisi Desmond hakutoka kwenda uani. Maren alivaa glavu yake peke yake, akaurusha mpira ukutani na kuudaka, akaurusha na kuudaka, hadi jirani, Bi Halvorsen, akamwomba aache. Kabla ya saa nne alikwenda uwanjani kulikokuwa na mazoezi. Uvumi kwamba Colby ndiye aliyesema ulikuwa umewafikia wenzake. Kijana yule aliketi mwisho wa benchi akila mkate wake, na kati yake na mchezaji wa karibu palikuwa na nafasi ya watu wanne. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsemesha pia. Colby alitafuna akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekusudia kumaliza upesi.

Maren aliijua nafasi ile ya watu wanne. Alikuwa ameishi nayo kila mwezi wa baridi. Lakini hii hakuletewa Colby na mtu aliyehama wala na lori la masafa marefu. Hii aliileta yeye, kwa kinywa chake.

Alikimbia hadi nyumbani. Bibi Ingrid alikuwa akimenya mahindi mabichi barazani. Maren alimweleza yote, tangu ngazi hadi kikombe, bila kupunguza. Bibi Ingrid alipangusa mikono, akaliweka beseni kando.

"Funga kamba za viatu vyako," akasema. "Twende tukamwone Bwana Ackerman."

Katika ofisi ya meneja, Maren alisimama mbele ya meza na kurudia maneno yaleyale. Bwana Ackerman alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Nilitaka abaki, Bwana."

"Asingebaki," Bwana Ackerman akasema. "Timu hii ninaijenga upya, mji upende usipende. Kwa Port Lachlan angekwenda na heshima yake. Hapa ningemtoa mikono mitupu. Hukumzuia kuondoka, Maren. Ulichomzuia ni kufika."

Akainua simu. Bwana Coyle alisikika akiguna upande wa pili, kisha akakubali kurudi Ijumaa asubuhi pamoja na daktari. Alipoweka simu chini, Bwana Ackerman alisema kwamba, kwa kuwa mtoto amekiri mwenyewe, angependa lile sharti lisahauliwe safari hii.

"La," akasema Bibi Ingrid. "Nilitia sahihi. Niandike katika orodha ya waliofungiwa. Na yeye atawaambia Desmond na yule kijana kwa kinywa chake mwenyewe, kama alivyosema uongo kwa kinywa chake."

Colby aliambiwa mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wenzake. Alimtazama Maren, akakuna shingo, akasema kwamba siku mbili zile zilimfanya auchukie mkate. Wenzake wawili wakacheka kwa aibu, na mmoja akamsogezea kiti.

Desmond alikuwa mgumu zaidi. Maren alimkuta chumbani akikunja mashati yake. Alipokwisha kumweleza, mchezaji yule aliketi kitandani, shati likiwa bado mkononi.

"Ungeniuliza kama naweza kubaki," akasema, "ningekwambia siwezi. Ungelia. Pengine na mimi ningelia. Lakini tungeachana vizuri."

"Nisamehe, Des."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira, na sitakudanganya kwamba sina."

Ijumaa asubuhi daktari alilikagua bega lake, na Desmond akarusha mipira arobaini mbele ya Bwana Coyle, yote imenyooka. Saa tisa alasiri karatasi zilitiwa sahihi. Aliondoka na mabegi yake mawili. Alimwinamia Bibi Ingrid, akampa Maren mkono kama watu wazima wanavyopeana, na gari likapinda kwenye maghala ya nafaka.

Vijana wawili waliotoka Port Lachlan walipelekwa kwa Bi Halvorsen. Agosti yote Maren aliwasikia ng'ambo ya ua wakichekeshana wakati wa chakula, wakigombea mahindi ya mwisho, wakimwita Bi Halvorsen "Mama Hal" kabla wiki haijaisha. Upande wake wa ua palikuwa na sahani mbili na saa ya ukutani. Bibi Ingrid hakuufungua mlango wa chumba cha mgeni, wala hakuutaja. Wavunaji walishindwa michezo kumi na minne, wakamaliza msimu wakiwa wa sita, na mzee Orville aliwatangazia wote mgahawani kwamba ameibiwa mwaka mmoja wa maisha yake. Port Lachlan walifika fainali na kufungwa. Magazeti yalisema kwamba mdakaji wao mkongwe alicheza michezo yote mitano ya fainali bila kupumzishwa.

Maren alilisoma gazeti hilo barazani, peke yake, mara mbili. Aligundua kwamba amefurahi, na safari hii furaha ile haikuhitaji mtu yeyote abaki mahali.

Jumatatu baada ya msimu kwisha, Bwana Ackerman alipanda ngazi za baraza akiwa na kofia mkononi. Alisema kwamba Mei ijayo atakuwa na vijana wengi na nyumba chache, naye amekuja kuuliza kama watampokea mmoja. Bibi Ingrid hakumjibu yeye. Alimgeukia mjukuu wake.

"Maren, najua ulikuwa mpweke. Mimi nami ni mpweke, na nilikuwa hivyo kabla hujazaliwa. Si dhambi. Lakini upweke haukupi ruhusa ya kumdanganya mtu ili umweke karibu. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, hata ukweli huo ukimfungulia njia ya kwenda zake. Uongo wako ulimfunga Desmond, ukamtenga Colby, na wewe mwenyewe hukupata hata siku moja ya ziada uani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi mjibu Bwana Ackerman."

Maren alimtazama meneja usoni. "Aje," akasema. "Na akitakiwa kwingine, nitambebea begi hadi garini."

Bwana Ackerman akaitoa karatasi katika mfuko wa koti lake, akaikunjua juu ya ukingo wa baraza, na kwa kalamu yake akalifuta jina la Tollefsen katika orodha ya nyumba zilizofungiwa.